Spika Nne na Waya wa Msikitini

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana, na kila mwaka, tukifika somo la umeme, niliandika ubaoni swali lile lile. Una betri, nayo betri ina ukinzani wake wa ndani usioweza kuuondoa. Utaifungia mzigo wenye ukinzani gani ili mzigo huo upate nguvu nyingi kabisa? Wasichana walinakili, wakapiga hesabu, wakachora mstari unaopanda, unaofika kileleni, kisha unaoteremka. Mwisho waliandika jibu: ukinzani wa mzigo uwe sawa na ukinzani wa ndani. Wakapata alama zao, nami nikafuta ubao. Mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma aliuliza jambo hili lamfaa nani. Nikamwambia lawafaa wahandisi. Lilikuwa jibu la mtu ambaye hajapata kulitumia.

Nililitumia kwa mara ya kwanza nyumbani kwa bibi yangu, Shella ya Malindi, siku ya arusi ya binti wa mama yangu mdogo.

Huyo binamu yangu alifiwa na mamake angali ananyonya, na Bibi ndiye aliyemlea. Alipopata mchumba, Bibi alikuwa hawezi tena kusimama. Alishinda kitandani katika chumba cha mbele, kitambaa cheupe kichwani, akijua kila anayeingia kwa hatua zake. Masikio yake nayo yalikuwa yameanza kuchoka. Wapishi walipomwuliza anataka nini katika arusi hii, wakidhani atataja halua ya aina fulani, alisema anataka kuisikia nikaha.

Kwetu nikaha hufungwa msikitini baada ya sala ya laasiri. Wanaume huwa huko. Wanawake huwa nyumbani na biharusi, wakingoja. Ikisha kufungwa, mjomba mmoja huja mbio hadi mlangoni, huleta habari, na hapo ndipo vigelegele hupigwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama zetu na mama zao. Mwanamke aliweza kuolewa, kuozesha mabinti na wajukuu, na asiyasikie hata mara moja maneno yenyewe.

"Nimeolewa mimi, na nimeozesha," Bibi alisema. "Kila mara naambiwa tu. Huyu mamake hayupo, mimi ndiye mamake. Nataka nimsikie mwenyewe anavyokubaliwa."

Hakuna aliyemcheka. Mjomba wangu alikwenda kuzungumza na imamu, na imamu akasema haoni ubaya. Mzee mmoja wa msikitini ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Aliuliza: ikiwa sauti ya msikitini itakwenda kwa wanawake, je, sauti za wanawake nazo hazitarudi msikitini katikati ya hotuba? Akahakikishiwa kwamba waya ule ni wa kwenda tu. Bibi alipohadithiwa alisema ni bahati yao.

Kazi alipewa fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Alikuwa na amplifaya ndogo aliyoikodisha arusini na maulidini, mtu mcheshi, mikono yake daima na alama za risasi ya kulehemu. Amplifaya ingekaa chumba cha pembeni mwa msikiti, maana ndiko maikrofoni iliko. Kutoka huko hadi kwa Bibi ni kama urefu wa uwanja wa mpira. Fundi aliutandaza waya juu ya mapaa ya majirani, kutoka ukuta hadi ukuta, akiomba ruhusa kila nyumba. Ulikuwa waya mwembamba wenye nyuzi mbili, ule wa kengele za mlangoni. Waya mnene wa urefu ule haukupatikana Malindi wiki ile; ungengojwa kutoka Mombasa, na arusi haikungoja.

Ilibaki spika. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, tena kwa sababu ya wema.

Arusi kwetu si ya nyumba moja. Huyu huleta sufuria, yule masinia, mwingine kuni, mwingine mikono yake. Ilipojulikana kwamba nyumba ya Bibi yahitaji spika, kila upande wa ukoo ulileta ya kwake. Ya kwanza ilitoka kwa jirani wa mlango wa pili. Binamu mwingine, aliyefanya kazi hotelini Bofa, alileta ya pili, nyeusi na safi. Ya tatu ilikuja na jamaa wa Mambrui. Ya nne ilibebwa mapajani na mama yangu mkubwa kutoka Marereni, ambako mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Ilikuwa na kutu kwenye misumari na kwenye vishikio vya waya nyuma, kama vitu vyote vya Marereni. Na kitu kilicholetwa arusini hakirudishwi. Kumwambia mtu spika yake ibaki pembeni ni sawa na kumwambia yeye mwenyewe aketi pembeni.

Asubuhi ya arusi fundi alipiga hodi, akaingia kabla wageni hawajajaa, akafunga spika ya jirani karibu na kitanda cha Bibi. Kisha akaenda msikitini akaiwekea amplifaya kaseti ya kasida. Tuliisikia hadi jikoni. Bibi alitikisa kichwa kufuata pigo la dufu.

Ndipo zikaja nyingine. Wanawake sasa walikuwa wengi na fundi hakuweza tena kuingia. Alisimama barazani nje ya pazia akinielekeza, nami, niliyekuwa ndani na wanawake wenzangu, nikazifunga kama alivyosema: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, zote kwenye nyuzi mbili zile zile. Ya Bofa niliiweka ukumbini. Sauti ikapungua kidogo. Ya Mambrui niliiweka kwa biharusi. Ikapungua tena. Nilipofunga ya Marereni, upande wa jikoni, Bibi aligeuza uso.

"Mbona mmeizima?" aliuliza.

Haikuwa imezimwa. Kasida ilikuwa ikiendelea katika spika zote nne, lakini kwa mnong'ono uliomezwa na mazungumzo ya watu.

Fundi alikwenda kuongeza sauti kwenye amplifaya, akarudi akasema amefika mwisho, akizidisha itakoroma. Wanawake nao walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Spika ya jirani ilisema vizuri mpaka zikaja za watu wa mbali. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba chumvi huharibu kila kitu, hata kasida. Mama mkubwa aliweka chini mbatata aliyokuwa akimenya.

"Kama ya kwetu ni ya chumvi," alisema, "niambieni niirudishe, pilau yenu isije ikazidi chumvi."

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, na nilijua kwamba akiondoka nayo atakuwa ameondoka na undugu pia. Fundi alininong'oneza kupitia pazia kwamba dawa ni kuacha ya kwanza peke yake. Nikamwambia hilo haliwezekani. Akakubali, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa Malindi.

Hapo ndipo nililiona swali langu la ubaoni. Lilikuwa limekaa mbele yangu asubuhi yote na sikulitambua, kwa sababu sikuona betri. Nilikuwa nimezoea kudhani ukinzani wa ndani ni kitu kilichofungiwa ndani ya betri, kama kiini ndani ya yai. Kumbe ukisimama pale spika zilipo na kutazama nyuma, chochote kilichoko kati yako na chanzo ni cha ndani. Kwetu sisi, pale nyumbani, waya wote uliopita juu ya mapaa ya Shella ulikuwa sehemu ya betri yetu.

Nikamwuliza fundi waya wake una omu ngapi, yaani ukinzani kiasi gani.

"Waya ni waya, Mwalimu," alisema. "Waya hauna kitu."

"Ni uwanja wa mpira kwenda na uwanja wa mpira kurudi, na mwembamba kama uzi wa kushonea. Una kitu, Fundi. Una mita ya kupimia umeme?"

Alikuwa nayo, ya sindano, aliyoipenda kuliko mkoba wake. Tulipatana hivi: mita aniachie mimi. Yeye aende msikitini, autoe waya kwenye amplifaya, na azifunge nyuzi zake mbili pamoja kule mwisho. Mimi nizifungue spika huku na kuzigusa nyuzi mbili kwa mita. Umeme wa mita ungekwenda hadi msikitini kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, na sindano ingeniambia njia nzima ina ukinzani kiasi gani.

Sindano haikutulia. Ilicheza karibu na ishirini, ikapanda, ikashuka. Fundi aliporudi nikamwambia, naye akafikiri kidogo, akasema kuna mahali juu ya paa la jirani ambapo waya ulikatika akausokota kwa vidole tu. Akapanda, akaukwangua, akausokota upya kwa koleo. Sindano ikatulia kwenye kumi na sita. Nyuma ya kila spika, kwenye kibandiko, paliandikwa nne.

Niliomba sinia la unga, nikaandika kwa kidole. Mpishi mmoja alinung'unika kwamba unga si ubao, lakini alisogea kutazama. Nitaeleza kama nilivyoeleza pale, na anayeogopa hesabu asiogope hii. Ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Tuseme amplifaya inatoa volti nane. Spika moja ina omu nne, waya una kumi na sita, jumla ishirini. Nane ukigawa kwa ishirini unapata mkondo wa ampea sifuri nukta nne. Nguvu inayofika kwenye spika ni mkondo mara mkondo mara ukinzani wa spika: sifuri nukta nne, mara sifuri nukta nne, mara nne. Hiyo ni kama theluthi mbili ya wati. Ndiyo sauti aliyoipenda Bibi asubuhi.

Sasa ukifunga spika nne nyekundu kwa nyekundu, umeufungulia umeme milango minne badala ya mmoja. Ukinzani wa zote kwa pamoja haujumlishwi, unapungua: nne hugawanywa kwa nne, ikabaki omu moja. Jumla na waya ni kumi na saba. Mkondo unaongezeka kidogo tu, haufiki hata nusu ya ampea, lakini karibu nguvu yote inaishia kuupasha moto waya juu ya mapaa. Spika zote nne zikichangwa pamoja zinapata chini ya robo ya wati. Tulikuwa tumeongeza midomo na kupunguza chakula, na kila mdomo mpya ulizidi kukipunguza.

Mama mkubwa alikuwa amerudi kwenye kazi, sasa akikuna nazi. Alisema hesabu hawezi kuifuata, lakini atakubali nikimwambia kosa si la spika yake. Nikamtazama mikono.

"Hebu kuna polepole, bila kuikandamiza," nilimwambia. Akafanya. Mkono ulikwenda mbio na tui lisingepatikana, maana hapakuanguka kitu. "Sasa ikandamize kwa nguvu zako zote." Nazi ikashika meno ya mbuzi ya kukunia, mkono ukasimama. Nikamwambia akune kama anavyokuna siku zote, na nazi nyeupe iliyokunwa ikaanza kujaa kwenye bakuli. "Mkono ni ule ule na nazi ni ile ile," nikasema. "Ukiwa mwepesi mno hupati kitu, ukiwa mzito mno hupati kitu. Katikati pana uzito mmoja unaojaza bakuli, na uzito huo walingana na mkono wako. Spika nne tulizifunga kwa namna ambayo mkono wa amplifaya haukupata kitu cha kukandamiza. Ni nyepesi mno."

"Basi zifanywe nzito," alisema, kama jambo la wazi kabisa.

Na lilikuwa la wazi. Tulihitaji mzigo wa omu kumi na sita, sawa na waya. Tulikuwa na spika nne za omu nne. Tukizifunga kwa mfululizo, umeme upite katika ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu na ya nne, ukinzani hujumlishwa: nne, nane, kumi na mbili, kumi na sita. Nilirudia hesabu kwenye unga mara mbili kwa sababu sikuamini ingekubali vizuri hivyo. Waya kumi na sita na spika kumi na sita ni thelathini na mbili. Volti nane zinatoa robo ya ampea. Robo mara robo mara kumi na sita ni wati moja kamili. Tulikuwa na chini ya robo. Tungepata wati nzima, na bila kumrudishia mtu spika yake. Kwa hakika ilizitaka zote nne. Tungeacha moja, hesabu ingepungua.

Fundi hakuridhika. Alisema nje ya pazia kwamba tukizipanga foleni, ya kwanza itakula ishibe na ya mwisho itapata makombo. Wanafunzi wangu wengi walifikiri hivyo hivyo, na si fikira ya kipumbavu. Ndivyo foleni nyingi zilivyo. Nikamwuliza kama ana tasbihi mfukoni. Alikuwa nayo.

"Vuta uzi wake," nilisema. "Punje ya kwanza yatangulia na ya mwisho yabaki?"

Tukasikia punje zikigongana. "Zaenda pamoja," alisema.

Mkondo nao ni hivyo. Haupungui njiani. Robo ya ampea inayoingia spika ya kwanza ndiyo inayotoka ya nne.

Akaleta swali jingine, zuri zaidi: je, nusu ya nguvu bado haipotei kwenye waya? Ni kweli, na nilifurahi ameliona, maana wasichana wangu mara nyingi hawakuliona. Mzigo ukilingana na waya, wati moja huenda kwenye spika na wati nyingine huishia njiani. Kanuni hii haikuahidi kuokoa umeme. Kama tungeweza kubadilisha waya, tungeweka mnene, na kadiri waya unavyokuwa na ukinzani mdogo ndivyo bora, bila kikomo. Lakini waya tulikuwa tumepewa na hali. Kilichobaki mikononi mwetu ni mzigo tu, na kwa mtu ambaye kilichobaki mikononi mwake ni mzigo tu, jibu ni hilo.

Mama mkubwa akauliza yao itakuwa ya ngapi katika foleni. Nikamwambia katika foleni hii hakuna wa mbele wala wa nyuma. Lakini kwa heshima nikaifanya ya Marereni kuwa ya kwanza, na waya unaotoka msikitini ukaingia nyuma yake kabla ya kwenda kokote. Nilikwangua kutu kwenye vishikio vyake kwa kisu cha jikoni. Nyekundu ya moja ikafungwa kwa nyeusi ya nyingine, chumba hadi chumba. Fundi alikwenda msikitini. Tukangoja.

Kasida ilirudi kwa ghafla kiasi kwamba mtoto mmoja aliyelala aliamka. Jirani wa mlango wa pili alisema spika yake imepona. Mkono wa Bibi juu ya shuka ulianza kufuata dufu.

Jambo moja sikuwaambia, nalo lilinikera hadi laasiri. Spika zikifungwa nyekundu kwa nyekundu, moja ikifa nyingine huendelea. Zikifungwa kwa mfululizo, moja ikikata, zote hunyamaza. Sasa Bibi alitegemea kila kiungo katika nyumba ile, pamoja na vile vishikio vya Marereni vilivyokwisha kuliwa na chumvi.

Wageni walikuwa wamejaa sala ilipokwisha. Nilizunguka nikiwaomba watu wanyamaze, na kwa mara ya kwanza katika arusi zote nilizozijua walinyamaza. Biharusi alikuwa chumba cha ndani na shangazi zake. Tulisikia kwanza kikohozi, kisha mikeka ikisogezwa, kisha imamu akianza hotuba ya nikaha. Sauti ilikuwa wazi. Bibi aliomba mto mwingine, akainuliwa, akakaa.

Imamu alikuwa amekaribia mwisho wa hotuba wakati spika zilipokwaruza na kunyamaza. Zote.

Nilijua ni wapi. Nilikwenda upande wa jikoni, na mama mkubwa alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya spika yake. Waya ulikuwa umechomoka kwenye kishikio. Kutu niliyoikwangua ilikuwa imeondoka na chuma chenyewe, hapakuwa na cha kuufungia. Aliunyanyua kwa vidole viwili.

"Umeme utanishika?" aliuliza.

Nilimwambia hapana. Umeme uliokuwamo mle usingeweza kumwumiza mtu.

Akauchomeka ule waya kwenye shimo la kishikio na kuukandamiza kwa kidole gumba. Sauti ya imamu ikarudi katikati ya neno. Akabaki hivyo, magoti sakafuni, kanga yake ya arusi kwenye majivu, uso ameuelekeza ukutani. Nilitaka kumpokea akatikisa kichwa. Nikamwacha, nikarudi kwa Bibi.

Tulimsikia mjomba wetu, aliyepewa uwakili na walii wa biharusi, akisema kwamba amemwoza. Sauti yake ilitetemeka kidogo. Hatukuwahi kujua kwamba sauti yake huweza kutetemeka. Kisha kukawa na kimya, na katika kimya kile nilitazama mlango wa jikoni, nikifikiri waya umechomoka tena. Haukuwa umechomoka. Alikuwa ni bwana arusi anavuta pumzi.

"Nimekubali kumuoa," alisema, "kwa mahari tuliyoagana."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Walikuwa wamezoea kungoja habari iletwe mlangoni, na sasa habari ilikuwa imefika bila mtu, hawakujua waanze lini. Wote walimtazama Bibi. Alikuwa amefumba macho. Nilidhani hakusikia, nikainama kumrudilia maneno yale, lakini alinizuia kwa mkono.

"Nimesikia," alisema. Kisha akaongeza: "Kumbe ni mafupi hivi."

Msikitini dua ilianza, na wanawake wakainua mikono, wakaitikia amina mahali pake, pamoja na wanaume ambao hawakuwasikia. Dua ilipokwisha mama mkubwa alitoka jikoni akisugua kidole gumba, chenye alama nyekundu ya waya, na spika zote nne zikanyamaza nyuma yake. Bibi alimwita akae kitandani upande wake.

Punde tukasikia viatu vikija mbio barabarani. Alikuwa mjomba mdogo, kama desturi, akileta habari. Msichana mmoja alianza kupaza sauti amwambie kwamba tumeshasikia.

"Mwacheni aseme," Bibi alisema.

Mjomba alisimama mlangoni, akihema, akatutangazia kwamba nikaha imefungwa. Bibi alimwuliza kama bwana arusi alijibu vizuri, naye akasema alijibu vizuri. Bibi akamshukuru kama mtu aliyekuwa hajui. Ndipo vigelegele vilipopigwa, na ikiwa yule mzee wa msikitini aliogopa kuvisikia, siku hiyo hakuhitaji waya.